Nozeli Zilikuwa Nzima: Jinsi Njia ya Mafuta ya Land Rover 109 Ilivyojengwa Upya Bukoba

Fundi akiletewa Land Rover ya dizeli inayosumbua kuwaka asubuhi na kuishiwa nguvu mlimani, mara nyingi mkono wake wa kwanza huenda kwenye nozeli na wa pili kwenye injekta pampu. Ndivyo ilivyofanyiwa Series III tunayoichambua hapa. Ni 109 stesheni wagoni, injini ya dizeli ya silinda nne yenye ujazo wa sisi 2,286, mali ya familia moja ya Muleba, iliyoletwa Bukoba mjini ijengwe upya kuanzia chesisi. Nozeli zilikwisha kubadilishwa, pampu ikapimwa, na bado kwenye mpando wa kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu gari lilikuwa likikohoa na kuzimika. Kasoro ilikuwa kwenye bomba na mipira ya mafuta. Katika ujenzi wa gari la kale, sehemu hii ndiyo huachwa mwisho, ikafungwa kwa chochote kilichopatikana dukani siku hiyo.

Kwenye 109 ya aina hii tenki liko nyuma kabisa, chini ya sehemu ya mizigo, na fidi pampu, inayovuta mafuta kutoka huko, iko ubavuni mwa injini. Kwa hiyo dizeli husafiri karibu urefu wote wa gari kwa kuvutwa. Hapo ndipo kesi yenyewe ilipo. Ufa ulio baada ya fidi pampu hudondosha mafuta, na mwenye gari ataliona doa chini. Ufa ulio kabla yake haudondoshi kitu injini ikiwa inafanya kazi, kwa sababu ndani ya bomba kuna mvuto na nje kuna hewa, basi hewa ndiyo inayoingia. Unachungulia chini ya gari, ardhi ni kavu, unaamini bomba ni zima. Gari likilala, hewa hiyo huiachia dizeli irudi polepole tenkini, na asubuhi starta inahangaika. Likipanda mlima, injini inadai mafuta mengi, mvuto unaongezeka, hewa nayo inaingia kwa wingi zaidi.

Kipimo chake ni rahisi mno, na inasikitisha kuona kinavyopuuzwa. Unakata kipande kifupi cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, unakifunga kwa muda kati ya bomba na fidi pampu, unawasha gari na kutazama. Dizeli isiyo na hewa hupita kama kioo, hata usijue kama inatembea. Katika gari hili mapovu yalipita kama ushanga, moja baada ya jingine, hata injini ikinguruma taratibu. Kipande hicho kisiachwe baada ya kipimo: plastiki ya namna hiyo hukakamaa ndani ya mafuta na kupasuka.

Bomba lilipofunguliwa kulikuwa na tabaka za miaka. Kutoka tenkini ulitoka mpira usio na maandishi yoyote, ukafuata bomba la chuma la asili la inchi 5/16 lililoliwa na kutu, kisha kipande cha bomba la shaba la friji, kisha mpira mwingine, na kwenye kila kiungo ukanda wa tyubu ya tairi umezungushwa na kukazwa kwa waya. Tusiwabeze waliofanya hivyo. Series III ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Vipuri havikuwepo. Mafundi waliyaweka magari barabarani kwa walichokuwa nacho, na hiyo ni heshima yao. Ila kilichofungwa ili gari lifike nyumbani hakikupaswa kubaki pale miongo minne.

Kila kimoja kina sababu ya kuondolewa. Tyubu za magari hutengenezwa kwa mpira wa butili, ambao ni hodari kuzuia hewa lakini mafuta ya petroli na dizeli huuvimbisha na kuulegeza. Ukanda ule unaoonekana kuziba ndio huo unaooza kuanzia ndani. Shaba ya friji inapendwa kwa kuwa inapinda kwa mkono na inapatikana, lakini ina makosa mawili. Ikitikiswa muda mrefu hukakamaa na kukatika, hasa pale mdomo wake ulipopanuliwa, na barabara zenye matuta madogo mfululizo ni mtikisiko usiokoma. La pili halionekani kwa macho: shaba huharakisha dizeli kuharibika na kutoa utando wa gundi, na utando huo unaishia kwenye filta na nozeli.

Kulikuwa na pendekezo la kutumia bomba jipya la breki kwa kuwa ni la chuma, ni imara, na lipo kila duka. Lilikataliwa, na kwa haki. Bomba la breki la kawaida ni inchi 3/16, tundu lake ni kama milimita 3.4, wakati la 5/16 lina tundu la karibu milimita 6.5. Mafuta yanayopita taratibu ndani ya bomba hukutana na ukinzani unaoongezeka kwa kipeo cha nne tundu linapopungua. Ukipunguza tundu kwa nusu hivi, fidi pampu italazimika kuvuta kwa nguvu zaidi ya mara kumi kupitisha dizeli ileile. Mvuto ukizidi, kiungo kilichokuwa kizima nacho kitaanza kuingiza hewa.

Kilichochaguliwa ni bomba la chuma la 5/16 lililopakwa madini ya kuzuia kutu, kipande kimoja kutoka karibu na tenki hadi karibu na injini. Mpira ulibaki sehemu mbili tu: penye tenki, na pale bomba linapoiacha chesisi kwenda kwenye injini, kwa sababu injini hucheza juu ya raba zake na chesisi haichezi nayo. Naona uamuzi huu ndio uliobeba kazi nzima. Chuma kinapita njia ndefu, mpira unapokea mtikisiko, na viungo vinakuwa vichache.

Kwenye kuchagua mpira, soma maandishi ya ubavuni. SAE J30 R6 au R7 ni wa mafuta yenye presha ndogo na unatosha hapa. R9 una utando wa ndani unaostahimili zaidi, bei yake iko juu, ukiupata usiuache. DIN 73379 nao ni wa mafuta. Usio na maandishi, hata muuzaji akiapa, unaweza kuwa wa maji au wa upepo. Ukishuku, kata kipande, pima urefu na unene wake, kiloweke kwenye dizeli siku mbili, kisha upime tena. Kikivimba au kikalegea, jibu umelipata kabla ya kukifunga.

Mdomo wa bomba la chuma unaoingia ndani ya mpira haukuachwa laini. Uliinuliwa ukingo mdogo kuuzunguka, kwa kutumia hatua ya kwanza tu ya kifaa cha kupanua midomo ya mabomba ya breki, na klipu ikakaa nyuma ya ukingo huo. Klipu zenyewe zilikuwa zile za duara kamili zenye kingo zilizokunjwa nje. Zile za skrubu zenye matundu, ukizikaza kwenye mpira mwembamba, hukata ngozi ya juu kama wembe.

Mpangilio wa kazi nao ulikuwa na maana: kwanza kuchomelea chesisi, kisha rangi, bomba mwisho. Bomba lilikatwa kwa kikata mabomba, si msumeno, maana unga wa chuma ukifika injekta pampu hauna msamaha. Lilipulizwa kwa kompresa, likafungwa kila baada ya sentimita 30 hivi kwa vishikio vyenye raba, mbali na eksozi. Kwenye nyuzi za viungo haikutumika tepu ya mafundi bomba. Vipande vyake hukatika na kusafiri. Washa za shaba za njia ya marejeo, inayorudisha dizeli iliyozidi, juu ya nozeli zilichomwa hadi zikawa nyekundu na kupozwa, zikarudia ulaini wake. Bomba la marejeo lilibadilishwa pia.

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa hewa iliyo ndani ya tenki lililo nusu hugeuka maji usiku. Kwa hiyo kiliongezwa kikombe cha kutenganisha maji kabla ya fidi pampu, chenye kizibo cha kumwagia chini. Ni kiungo cha ziada upande wa kuvuta, nakubali, lakini maji ndani ya injekta pampu ni hasara kubwa zaidi.

Kutoa upepo kulianzia kwenye filta, ikafuata injekta pampu, kwa kusukuma wenzo wa mkono wa fidi pampu, na mwisho nati za nozeli, kwa kuzungusha injini kwa starta. Wenzo ukiwa hauna nguvu, usiseme pampu imekufa. Zungusha injini kidogo, kwa kuwa huenda kemu imeikalia.

Kwa wenye injini ya petroli kanuni ni hizohizo, ila hatari ya moto ni kubwa zaidi, na pampu ya umeme yenye presha ya magari ya kisasa isifungwe: itaishinda sindano ya kabureta na mafuta yatafurika.

Kama una gari la namna hii Muleba, Karagwe au Biharamulo na umeshauriwa kununua nozeli, mwombe fundi wako afunge kwanza kile kipande cha plastiki kabla ya fidi pampu na mtazame pamoja. Mkiona mapovu, fedha ya nozeli ipelekeni kwenye bomba.