Papa Mako Ubavuni mwa Boti: Uchambuzi wa Mita Kumi za Mwisho

Nkowe iko mbali na pwani. Kutoka huko wilayani Ruangwa, anayetaka kuiona bahari hushuka hadi Nanganga, akafuata barabara ya bonde la mto Lukuledi mpaka Mingoyo, ndipo aingie Lindi mjini. Huko bara samaki wa baharini, akiwamo papa, hufahamika zaidi akiwa mkavu: amepasuliwa, amekolezwa chumvi na kuanikwa, anauzwa kwa vipande. Mlaji hukiona kipande. Kazi iliyofanyika mpaka samaki huyo akatoka majini haionekani sokoni.

Lakini bahari inazidi kuusogelea mkoa mzima wa Lindi. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, na boti za kisasa za mkopo zimeanza kuwafikia wavuvi wa pwani. Shabaha ya mipango hiyo ni bahari kuu, kule kwenye jodari, nduaro na sulisuli. Na palipo na jodari hapakosi anayemwinda jodari. Kijana wa Ruangwa au Nachingwea atakayepata ubaharia katika boti hizo anaweza siku moja kumwona papa mako amenasa ndoana iliyotegwa kwa samaki mwingine. Ndiyo sababu inafaa kuchambua kwa makini namna papa huyu anavyoshughulikiwa, maana mbinu zinazofaa kwa papa wa miambani zinaweza kumuumiza mtu kwa mako.

Tofauti inaanzia mwilini. Samaki wengi wana joto lilelile la maji wanamoishi. Mako ana mtandao wa mishipa ya damu unaorudisha joto la misuli ndani ya mwili, hivyo misuli, ubongo na macho yake hubaki na joto zaidi kuliko maji yaliyomzunguka. Kwa joto hilo yeye ndiye papa mwenye mbio kuliko wote, na anaweza kuruka mita kadhaa juu ya maji. Meno yake ni marefu, membamba, yamechongoka, na yale ya taya la chini huonekana hata akiwa amefumba kinywa. Hupenda maji ya ubaridi kiasi, kwa hiyo katika bahari yenye joto kama yetu hukaa zaidi kina kirefu. Kina hicho hakiko mbali na ufuko, kwa kuwa sehemu kubwa ya pwani ya kusini ina ukanda mwembamba tu wa maji mafupi. Itakumbukwa kwamba mwaka 2003, huko Songo Mnara, Kilwa, jarife la papa lilimtoa silikanti, samaki wa kina kirefu ambaye wanasayansi waliwahi kudhani ametoweka duniani.

Kwa ukubwa wa mako, Bahari ya Hindi haina haya. Mwaka 1988 mvuvi wa fito alimtoa mako wa zaidi ya kilo 505 nje ya Black River, Mauritius, na hiyo ikawa rekodi ya dunia mpaka Julai 2001, alipovuliwa mwingine wa kilo 553 karibu na Chatham, Massachusetts, nchini Marekani. Wengi wanaonasa ni wadogo zaidi ya hapo, lakini hata mako wa kilo 80 anatosha kuvuruga sitaha ya boti ya mita nane.

Anaponasa, mako hana ratiba moja. Wengine hukimbia moja kwa moja na kumaliza mshipi kwenye rili. Wengine huzama. Wengine, na hao ndio wa kuogopwa, huigeukia boti. Mshipi hulegea ghafla, na mvuvi asiyemjua hudhani ndoana imechomoka, akasogea ukingoni kuchungulia. Hapo ndipo nahodha anapotakiwa kuweka gia mbele bila kungoja kuambiwa, na mshika fito azungushe rili kwa kasi mpaka asikie uzito tena. Mshipi uliolegea kwa mako uchukuliwe kuwa taarifa kwamba anakuja.

Dalili ya pili ni pembe ya mshipi. Papa akiwa chini, mshipi huingia majini karibu wima. Ukianza kulala, ukisogea kuelekea upeo wa macho huku ukikata maji, ujue anapanda, na anayepanda kwa kasi hiyo huenda akaruka. Nahodha aliyezoea huusoma mshipi kuliko anavyoutazama uso wa mshika fito. Mshipi ukilala tu, boti husogezwa mbele na pembeni, ili papa akiruka aangukie majini.

Tukio la New Zealand linaeleza jambo hili vizuri. Novemba 2022, karibu na Whitianga, boti ya kukodi ilikuwa na abiria waliokwenda kuvua samaki wengine. Mako anayekadiriwa kuwa na kilo 150 alichukua chambo, akaruka, akatua juu ya omo. Picha zake zilizunguka dunia nzima: papa anajipigapiga kwenye omo, watu wote wako nyuma tezini. Hakuna aliyemkaribia, wala aliyejaribu kumfunga au kumchoma kulabu. Baada ya muda wa kama dakika mbili aliteleza chini ya reli na kurudi baharini. Hakuna aliyeumia.

Watu wengi walilitazama tukio lile kama kichekesho cha mtandaoni. Kwa mchambuzi ni kazi iliyofanywa vizuri. Kwanza, omo ilikuwa tupu. Laiti mtu angekaa pale kuota jua, habari ingekuwa nyingine kabisa. Pili, watu walivumilia kutofanya kitu, jambo gumu kuliko yote pale damu inapochemka. Papa aliye nje ya maji anachoka haraka, na uzito wake mwenyewe unamlemea. Aliye mbali naye ana nafasi kubwa ya kurudi nyumbani na vidole vyake vyote.

Mfano wa kinyume ni wa zamani, nao unamhusu mwandishi Ernest Hemingway, ambaye mwaka 1954 alifika hata Shimoni, Kenya, kuvua. Aprili 1935 alikuwa ndani ya boti yake Pilar, ametoka Key West akielekea Bimini, papa akanasa. Hakuwa mako, lakini kosa ni lilelile. Papa alivutwa mpaka ubavuni, akachomwa kulabu, na Hemingway akashika bastola mkono mmoja ili ammalize. Papa akajipinda, mti wa kulabu ukavunjika, bastola ikafyatuka. Risasi iligonga ukingo wa shaba wa boti, ikapasuka, vipande vikamwingia katika miguu yote miwili. Safari ikaishia pale, boti ikarudi Key West.

Tuyachambue mambo yaliyokutana pale. Papa alikuwa bado na nguvu. Kulabu ilikuwa ya mti usiobanduka, iliyomfunga mtu na mnyama kwa wakati mmoja. Mtu mmoja alikuwa na kazi mbili. Na silaha ilikuwa kwenye chombo kinachoyumba, kimezungukwa na chuma na shaba. Kati ya mambo hayo manne, hata moja lingeondolewa, huenda mtu yule asingejipiga risasi. Kila boti yenye kulabu na haraka inaweza kuyarudia.

Basi kazi nzima iko kwenye mita kumi za mwisho, na anayeiamua ni nahodha kuliko mshika fito. Makosa mengi huanza pale injini inapozimwa kwa furaha ya kuona papa amekaribia. Boti ikisimama, papa huwa huru kuzunguka, kupita chini ya chombo, kukwaruza mshipi kwenye propela, au kujipanga kwa mruko. Boti ikiendelea polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kichwa cha papa huelekea mbele, mwili hunyooka sambamba na ubavu, na kinywa hubaki mbali na watu. Faida nyingine ni kwa papa mwenyewe: mako hawezi kusukuma maji kwenye matamvua yake akiwa amesimama, hupumua kwa kuogelea. Mwendo wa boti unampa pumzi.

Waya ndio unaofuata. Ngozi ya papa ni msasa, na nailoni ikisuguana nayo hukatika, kwa hiyo mita tatu hadi tano za mwisho kabla ya ndoana huwa waya, ndefu kuliko papa mwenyewe ili mkia wake usiufikie mshipi. Anayeushika waya avae glavu nene, asimame imara, aushike kwa namna ambayo akifumbua kiganja unaondoka. Asiuzungushe mkononi, asiufunge kwenye nguzo, na asiache mikunjo ya mshipi miguuni. Mtu aliyenaswa kifundo cha mguu na mshipi wa papa anayekimbia hana muda wa kuomba msaada.

Papa akishakuwa sambamba na boti, hukumu ni moja kati ya mbili. Kama anaachiwa, koleo la kukatia waya lipite karibu iwezekanavyo na ndoana, na basi. Kuifuata ndoana mdomoni ni tamaa ya kitu kidogo kwa gharama kubwa. Ndoana ya chuma cha kawaida huoza kwa kutu. Kumnyanyua kwa mkia ili apigwe picha ni kumuua polepole, kwa kuwa papa hana mbavu za kushikilia viungo vya ndani, na nje ya maji uzito wake unaviponda.

Kama anachukuliwa, basi afungwe kamba mkiani akiwa nje ya boti, na abaki nje mpaka afe kabisa. Papa anayeonekana amekufa anaweza kuuma baada ya muda mrefu.

Je, kumwachia kuna maana, au anakwenda kufia mbali? Swali hili lilijibiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tasmania katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Waliwafunga mako 30 vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti baada ya kuvuliwa kwa fito kusini mashariki mwa Australia. Asilimia 90 waliishi, wakiwamo waliopambana kwa saa nyingi. Ndoana za mviringo zilipunguza kunasa pasipostahili. Kwa wavuvi wa Lindi matokeo hayo ni ya kutia moyo, ila yasomwe kwa tahadhari moja: maji ya Tasmania ni ya baridi, yetu ni ya joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo zaidi. Pambano lisirefushwe kwa ajili ya fahari.

Mvuvi wa mashua hana fito wala rili. Ana mshipi wa mkono, au anarambaza, yaani anaburuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Kwake kanuni hazibadiliki, ila vifaa. Mwisho wa mshipi ufungwe dumu tupu lililozibwa vizuri. Papa akizidi nguvu, dumu litupwe baharini limchoshe, na chombo kilifuate kwa mbali. Mshipi ukunjwe ndani ya ndoo, si sakafuni. Kisu kikali kikae mahali kila mtu anapopajua gizani. Na mtu akiumwa, kazi ya kwanza ni kukandamiza jeraha kwa nguvu na kitambaa, au kufunga juu ya jeraha kwa nguvu kama damu ya mkono au mguu haikatiki, kabla hata ya kugeuza chombo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine iko Lindi mjini, na kutoka bahari kuu ni safari ya saa kadhaa.

Ni kweli kwamba kwa familia ya mvuvi mako ni fedha, na hakuna haki ya kumwambia mtu mwenye watoto akate waya kana kwamba hapotezi kitu. Lakini hesabu ya mnyama huyu ni nzito. Jike huchukua takriban miaka 18 au zaidi kufikia umri wa kuzaa, hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha hupumzika kabla ya kubeba nyingine. Mwaka 2019 aliorodheshwa duniani kuwa hatarini kutoweka, na tangu Novemba mwaka huo biashara yake ya kimataifa, mapezi yakiwamo, inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama. Nyama yake pia huwa na zebaki nyingi, kwa hiyo wajawazito na watoto wadogo hawashauriwi kuila. Jike mkubwa aliyenasa bila kutafutwa, akiwa hai ubavuni, thamani yake iko majini.

Bandari ya Kilwa Masoko ilipangiwa gati, barafu na soko. Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao Fumba, pamoja na wanaotoa mikopo ya boti, waongeze vitu vichache katika orodha yao: ndoana za mviringo, koleo la kukatia waya, glavu, sanduku la huduma ya kwanza, na mafunzo ya nahodha namna ya kushika usukani papa akiwa kwenye waya. Yafanyike kabla boti hazijatoka, na vijana wa bara wasiozaliwa pwani wawe wa kwanza kuitwa darasani.