King'amuzi na kisimbuzi: majina mawili ya kifaa kimoja

Tarehe 31 Desemba 2012, usiku wa manane, mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Aliyetaka kuendelea kutazama alihitaji kisanduku kipya kando ya runinga yake, na kisanduku hicho kilihitaji jina la Kiswahili. Kikapata mawili, king'amuzi na kisimbuzi, na yote yanatumika mpaka leo madukani na kwenye matangazo. Jinsi yalivyoundwa inafaa kutazamwa kwa karibu.

King'amuzi kimetokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lisilo dhahiri. Vitenzi vya aina hii huzaa nomino zenye -zi mwishoni: nunua, mnunuzi, okoa, mwokozi, chambua, uchambuzi. Kanuni hiyo imo kichwani mwa kila mzungumzaji, hata asiyeweza kuieleza. Kikatangulizwa ki-, ngeli ya kisu na kijiko, ili ijulikane kuwa hapa anayeng'amua si mtu bali chombo. Ndiyo maana hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba vikiwa vingi ni ving'amuzi.

Kisimbuzi kina umbo hilohilo, ila shina lake limechaguliwa kitaalamu zaidi. Kusimba ni kuugeuza ujumbe kuwa alama; kusimbua ni kuurudisha ulivyokuwa, kama tega na tegua, funga na fungua. Kifaa chenyewe hufanya hivyo hasa: hupokea mawimbi yaliyosimbwa, kikayasimbua yakawa picha na sauti. Kwa usahihi, kisimbuzi kinashinda. Lakini mtazamaji ambaye hajawahi kusikia kusimba analazimika kulikariri jina zima, wakati king'amuzi anakifumbua mwenyewe anapokisikia mara ya kwanza. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko usahihi.

Si kila jina jipya huundwa; barakoa ilipita njia nyepesi zaidi. Mwaka 2020, korona ilipolazimisha watu kufunika pua na mdomo, hakuna neno lililoundwa. Vazi la kale la kufunika uso, linalojulikana pwani na Uarabuni, liliazimwa jina na maana ikapanuka.

Kipakatalishi ndicho kinachonisikitisha. Pakata, kama mama anavyompakata mtoto, ni wazo zuri mno kwa kompyuta ya kuwekwa mapajani. Tatizo ni ile -lishi, iliyokatwa kutoka tarakilishi, neno ambalo halijaiondoa kompyuta vinywani mwa watu. Msikilizaji anaelewa nusu ya kwanza, ya pili inampotea.

Ombi langu kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wote wanaounda istilahi: kabla neno halijachapishwa, lipelekeni kwa muuzaji na fundi wa kifaa husika, mwaulize wanadhani ni kitu gani. Wakishindwa hata kukisia, lirudisheni mezani.