Filme za Bikini: tunaonyeshwa meli, hatuonyeshwi udongo

Wiki mbili zimepita, mwenzetu mmoja wa promosheni alituma katika kikundi video ya wapiga mbizi huko Bikini, visiwa vya Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki. Chini yake aliandika: "Angalieni, bahari imejiponya yenyewe." Wote tukaipenda, mimi pia. Nilimaliza mega zangu za wiki nikiangalia zingine za aina ile, halafu filme moja ya zamani, Radio Bikini, ya Robert Stone. Leo nataka kuzipima, maana kuna kitu kilinikaa kwa moyo.

Tuanze na uzuri wake, juu ya uzuri uko kweli. Bikini ni duara la visiwa vidogo 23, na katikati kuna ziwa la chumvi lenye mayi ya rangi ya bluu. Wapiga mbizi wanashuka na chupa za hewa mugongoni mpaka kwenye Saratoga, meli ya Marekani ya kubeba ndege, yenye urefu wa karibu mita 270. Imesimama wima juu ya mchanga, zaidi ya mita 50 chini. Ndani yake kuna ndege na mabomu mpaka leo. Karibu yake kuna Nagato, meli ya amiri Yamamoto wa Japani, iliyolala kichwa chini, mapanga ya injini yakiangalia juu. Papa wanapita, samaki wadogo wanacheza ndani ya mizinga. Na kazi yenyewe si muchezo: kule chini mgandamizo unakuwa mara sita ya ule wa hewa yetu, naitrojeni inalewesha mutu sawa pombe, kwa hiyo wanachanganya hewa na heliamu. Kupanda ni polepole, kwa vituo, kama sivyo mapovu yanafanyika katika damu. Video zinaeleza mambo haya vizuri sana, na mwalimu wa fizikia anaweza kuzitumia darasani.

Sasa malalamiko yangu. Karibu zote zina mpangilio mumoja. Dakika mbili za picha nyeusi na nyeupe za bomu, halafu muziki, halafu meli, halafu matumbawe, na mwishoni sauti inasema uhai umeshinda. Watu wa Bikini wanapewa sentensi moja: "wakaaji walihamishwa." Sentensi ile haina mwenye kutenda. Nani alihamisha? Walienda wapi? Wako wapi leo?

Hapo njo Radio Bikini inazipita zote. Ni filme ya miaka ya 1980, haifiki saa moja, na iliteuliwa kushindania Oscar. Haina msimulizi wa kutufundisha tufikiri nini. Stone alichukua picha zilizopigwa na jeshi la Marekani lenyewe, akaweka sauti za watu wawili tu: Kilon Bauno, chefu wa Bikini, na John Smitherman, baharia wa Marekani. Kuna sehemu moja siisahau. Mwezi wa 3 mwaka 1946 afisa Ben Wyatt anaketi mbele ya wanakijiji, anawaomba watoe kisiwa chao kwa faida ya wanadamu wote. Kamera inaonyesha anarudia, halafu anarudia tena, sawa mwanafunzi anayefanya mazoezi ya teatri. Ile "ndiyo" ya watu 167 ilipigwa picha mara nyingi mpaka ikatokea nzuri. Stone haongezi neno, anaacha tu ukanda uendelee. Na mwili wa Smitherman anauonyesha vizuri mwishoni tu, miguu imekatwa, mkono umevimba vibaya. Tulikuwa tumezoea sauti yake tulivu, kisha tunaona.

Lakini hata filme hii nzuri nina deni nayo, tena madeni mawili.

La kwanza ni la kazi yangu ya kilimo. Radio Bikini inabaki karibu yote kwa mwaka 1946, mwaka wa mabomu mawili, la tarehe 1 na la tarehe 25 mwezi wa 7. Hadithi ya udongo ilikuja nyuma. Mpaka 1958 Bikini ilipokea majaribio 23. Lile kubwa, Bravo, la tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka 1954, lilikuwa na nguvu ya megatoni 15. Watu wa Bikini walikuwa wamekwisha kupata njaa huko Rongerik, halafu mwaka 1948 wakapelekwa Kili, kisiwa kisicho na ziwa la ndani la kuvulia samaki. Mwaka 1968 rais Johnson alitangaza kama wanaweza kurudi. Minazi ikapandwa upya, familia zikarudi. Mwaka 1978 wakaondolewa tena, juu miili yao ilikuwa imeingiza sesiamu-137 nyingi kupitia chakula.

Waagronomu wenzangu, mnaona kilichotokea? Sesiamu na potasiamu ni ndugu katika jedwali la elementi. Mzizi unaotafuta potasiamu na kuikosa unachukua sesiamu. Udongo wa Bikini ni matumbawe yaliyosagika, hauna udongo mfinyanzi wa kuifunga sesiamu, na potasiamu yake ni kidogo. Kwa hiyo munazi unavuta sumu na kuiweka katika nazi, chakula cha kila siku. Katika bahari ni kinyume: mayi yana potasiamu mingi, na mawimbi yanachanganya na kupeleka mbali. Ndiyo maana mupiga mbizi anaweza kuogelea wiki nzima bila shida, lakini mutu wa kwao hawezi kujenga maisha juu ya nazi ya kisiwa chake.

Basi ile "bahari imejiponya" ni nusu ya jibu, tena nusu yenyewe ina kasoro. Wanasayansi walioandika mwaka 2008 walikuta matumbawe yamerudi kwa nguvu, lakini spishi 28 zilizoandikwa mbele ya mabomu hawakuziona tena. Na kwa nchi kavu kuna hadithi ambayo kamera ingeweza kuifuata: watafiti walimwaga kloridi ya potasiamu chini ya minazi, mbolea ya kawaida kabisa, na sesiamu katika nazi ikashuka sana. Yaani K ya ile NPK tunayonunua kwa gunia! Mimi ningetoa meli zote za Nagato ili nione dakika kumi za mutu anamwaga mbolea chini ya munazi wa babu yake. Hakuna video hata moja niliyoona yenye picha ile.

Deni la pili ni la kwetu. Filme zote zinaanza bomu Marekani, sawa vile lilizaliwa kule. Mimi nimekomalia Likasi. Tata alikuwa anatuambia: "Shinkolobwe musiende, udongo wa kule hauko wa kuchezea." Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière alituma New York tani zaidi ya 1,000 za mawe ya Shinkolobwe, na sehemu kubwa ya uraniumu ya mradi wa Manhattan ilitoka kwetu. Mabomu ya 1946 yalikuwa ya plutoniamu, na plutoniamu inapikwa kutoka uraniumu. Kumbe kati ya Likasi na Bikini kuna kamba moja. Kule kijiji kilihamishwa juu ya kulipua, huku watu walichimba kwa mikono bila kuambiwa wanachimba nini. Kamera iko na nafasi ya Hiroshima, iko na nafasi ya papa, haina nafasi ya mchimbaji.

Siwalaumu wapiga mbizi. Tangu 1996 mpaka 2008 biashara ile iliendeshwa na halmashauri ya Bikini yenyewe, na pesa zilisaidia. Mwaka 2010 UNESCO iliandika Bikini katika urithi wa dunia. Kuona meli hakuna kosa. Kosa ni kumaliza hadithi hapo na kusema shida imekwisha, wakati mahakama ya madai ya nyuklia iliwahukumia watu wa Bikini zaidi ya dola milioni 563 mwaka 2001, na kasha la kulipa halikuwa na pesa zile.

Kwa hiyo ushauri wangu: angalieni Radio Bikini kwanza, halafu ndiyo mwangalie video za kuzama. Na wewe mwenzetu uliyetuma ile video, nakushukuru kweli, bila weye nisingefika huku. Lakini neno "imejiponya" nakuomba uliondoe. Na kwa wale wa Likasi na Kambove wanaosoma: wazee waliofanya kazi Shinkolobwe wanapungua kila mwaka. Simu tunazo. Kabla ya kungoja mutu wa mbali aje kutufanyia filme, nani kati yetu ameketi na muzee mumoja, akamuuliza walikula nini kule, na walilima wapi?