Wanamgambo Wasioonekana: Austria katika Riwaya Mbili za Joseph Roth

Riwaya ya Joseph Roth iitwayo Die Kapuzinergruft, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Makaburi ya Wakapuchini, ilichapwa Uholanzi mwaka 1938, mwaka ule ule Austria ilipomezwa na Ujerumani ya Hitler. Mwandishi alikuwa mkimbizi mjini Paris, na hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki Mei 1939 akiwa na umri wa miaka 44. Nimeisoma katika tafsiri ya Kifaransa, kama watakavyoisoma wengi wetu. Wahakiki waliotangulia wameisifu kwa huzuni yake, na kwa hakika huzuni hiyo imesanifiwa vyema. Hata hivyo, msomaji akifika ukurasa wa mwisho hana budi kujiuliza: mbona riwaya inayosimulia kifo cha nchi haituonyeshi wale waliokuwa wakinoa panga kwa muda wa miaka 20 kabla ya siku ya mazishi?

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimuliwa. Franz Ferdinand Trotta ni kijana wa ukoo uliotoka Sipolje, kijiji cha Waslovenia. Mtu mmoja wa ukoo huo alimwokoa Kaisari Franz Joseph katika vita vya Solferino, na tawi lake likapandishwa daraja kuwa la makabaila. Trotta wetu hakufanya ushujaa wowote. Hukesha katika mikahawa ya Vienna pamoja na vijana wenzake wa tabaka lisilofanya kazi, huku wote wakiona fahari kutoamini chochote. Vita vya 1914 vinamchukua, anatekwa na Warusi na kupelekwa Siberia, kisha anarudi kukuta dola alilolipigania halipo tena. Ndoa yake inavunjika. Nyumba ya mama yake inageuzwa nyumba ya wapangaji, na sebuleni imebaki piano isiyo na nyuzi. Usiku mmoja wa Machi 1938 yumo mkahawani serikali inapoanguka, naye anatoka na kuyaendea makaburi ya makaisari chini ya kanisa la Wakapuchini.

Tuanze na penye nguvu. Trotta ana binamu aitwaye Joseph Branco, mtu wa Sipolje, ambaye kazi yake ni kuchoma na kuuza kokwa za miti wakati wa baridi, kama mahindi yachomwavyo kandokando ya barabara zetu. Kabla ya vita Branco alikuwa akizunguka dola zima na jiko lake, kutoka jimbo hadi jimbo, na hakuna aliyemwuliza atokako. Baada ya vita anarudi kwa binamu yake na kulalamika kwamba kila nchi mpya sasa inamtaka viza. Roth hahubiri hapo, wala hataji neno utaifa. Anamleta mtu na jiko lake la makaa, nasi tunaona ulimwengu ulivyopunguzwa. Sijui ukurasa mwingine wa fasihi ya Ulaya ya kipindi hicho unaoeleza kwa maneno machache kiasi hicho hasara aliyoipata mtu mdogo mipaka ilipozidishwa.

Wazo hilo linakamilishwa na Kabaila Chojnicki, Mpolandi mwenye ulimi mkali. Kwa maoni yake Austria haiko katika milima ya Alpi, kwa maua yake na mbuzi-mwitu wake. Iko pembezoni, kwa Waslovenia, Wapolandi na Wayahudi wa Galicia, ambao ndio walioilisha na kuipenda, wakati Wajerumani wa katikati walikuwa wakiimba nyimbo za nchi jirani.

Sasa tuitazame historia, maana riwaya hii inaipita mbiombio. Dola la Habsburg lilikuwa na watu zaidi ya milioni 50. Jamhuri iliyobaki mwaka 1918 ilikuwa na watu wapatao milioni 6 na nusu, na wengi wao hawakuitaka. Siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 12 Novemba 1918, ilijitangaza kuwa sehemu ya Ujerumani. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaukataza muungano huo, na ukaliwekea jeshi la taifa kikomo cha askari 30,000. Lakini bunduki za vita zilikuwa zimezagaa vijijini na viwandani, na waliojua kuzitumia hawakuwa na kazi. Katika Kärnten, Steiermark na Tirol yakazuka makundi ya wakulima na askari wa zamani ambayo kwa pamoja yaliitwa Heimwehr. Chama cha Wafanyakazi nacho kikaunda Schutzbund mwaka 1923. Jamhuri ikawa na majeshi matatu, na lile la serikali halikuwa kubwa kuliko yote.

Heimwehr maana yake ni Walinzi wa Nyumbani, na hapa mwalimu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Kiswahili, tukitaja asili ya mtu, hutulazimisha tumtaje na mwenyewe: kwetu, kwenu, kwao. Kwetu ya Branco ilikuwa pana kama dola. Kwetu ya Heimwehr iliishia kwenye vilele vya milima ile ile aliyoibeza Chojnicki, na mwenyeji wake aliweza kuwa mgeni mara tu alipoonekana na kadi ya chama cha wafanyakazi. Sisi wa nchi za Maziwa Makuu hatuhitaji kamusi kulielewa neno mwanamgambo, na pengine ndiyo sababu ukimya wa riwaya hii ulinigutusha zaidi.

Kwa maana matukio hayakukosekana. Januari 1927, katika kijiji cha Schattendorf, wanamgambo wa mrengo wa kulia waliwafyatulia risasi waandamanaji wakaua watu wawili: mlemavu wa vita na mtoto. Waliofyatua wakaachiliwa na mahakama mwezi Julai. Kesho yake wafanyakazi wa Vienna wakalichoma jumba la sheria, na polisi wakaua zaidi ya watu 80. Mei 1930 viongozi wa Heimwehr walikula kiapo mjini Korneuburg cha kuukataa utawala wa bunge. Fedha na silaha zilitoka kwa Mussolini. Fedha nyingine zilitoka kwa wenye viwanda, ikiwemo kampuni ya chuma ya Alpine Montan. Machi 1933 Waziri Mkuu Dollfuss akalifunga bunge, na Februari 1934 mizinga ikaelekezwa kwenye nyumba za wafanyakazi, Karl-Marx-Hof ikiwa mojawapo. Karl Münichreiter, mtu wa Schutzbund aliyejeruhiwa, alibebwa kwa machela hadi penye kitanzi.

Je, haya yamo katika riwaya? Yamo kwa kadiri ya tone la wino. Manes Reisiger, Myahudi mwendesha gari la farasi kutoka Zlotogrod, aliyepigana na kutekwa pamoja na Trotta, ana mwana aitwaye Ephraim, mpiga muziki hodari aliyepelekwa kusoma Vienna. Kijana anaacha muziki, anakuwa mwanamapinduzi, na anauawa serikali inapowapiga risasi wafanyakazi. Baba analeta habari hiyo. Trotta anamhurumia kwa dhati, anamtaja Dollfuss kwa chuki ya mtu aliyekerwa, kisha hadithi inasonga mbele. Ephraim hakupewa hata ukurasa mmoja wa kusema kwa nini aliacha muziki. Tunamjua baba kwa farasi wake, mavazi yake na mkono wake mzito. Mwana tunamjua kwa kifo chake tu.

Mtu asidhani kwamba Roth hakuyajua mambo ya wanamgambo. Mwaka 1923 aliandika Das Spinnennetz, yaani Utando wa Buibui, riwaya yake ya kwanza, ambayo ilichapwa kwa mfululizo katika Arbeiter-Zeitung, gazeti la chama kile kile kilichounda Schutzbund mwaka huo. Sehemu ya mwisho ilitoka siku chache tu kabla ya jaribio la Hitler la kutwaa madaraka mjini München. Mandhari yake ni Ujerumani, si Austria, lakini wasomaji wa Vienna waliweza kuwatambua majirani zao ndani yake. Mhusika mkuu, Theodor Lohse, ni luteni aliyerudi vitani bila kazi. Anafundisha watoto katika nyumba ya Myahudi tajiri muuza vito, na ndani ya nyumba hiyo anameza mate ya husuda kila siku. Kisha anaingia katika chama cha siri. Anapeleleza, anasaliti, anaua, anapanda cheo. Roth anatuonyesha nani analipa, nani anaamuru, na jinsi mtu mwoga anavyogeuka wa kuogopwa baada ya kupewa sare na adui. Lugha ni kavu, sentensi ni fupi kama ripoti. Kisanaa ni kazi changa, na mwisho wake umekatika. Lakini kwa ajili ya kuuelewa ugonjwa wa miaka ile naiweka juu ya ile ya 1938.

Mwenzangu mmoja niliyemsomesha rasimu ya makala haya alinipinga. Upofu wa Trotta, alisema, ndio usanii wenyewe. Mwandishi amempa usimulizi mtu aliyelala ili sisi tuamke. Hoja hii ina nguvu, na ushahidi wake bora uko katika tukio la mkahawani. Anaingia mtu aliyevaa ngozi miguuni na kofia ya kiaskari, na Trotta anadhani ametokea chooni. Mtu huyo anatangaza kwamba serikali imeanguka na kwamba serikali mpya ya umma wa Kijerumani imeshika madaraka. Wateja wanatawanyika, mwenye mkahawa, Myahudi, anaaga na kwenda zake, Trotta anabaki peke yake akiyatafakari maneno aliyoyasikia asipate maana yake. Kejeli iliyoje! Miaka 20 wanamgambo wamepita mitaani kwake kwa magwaride, na yeye anawaona kwa mara ya kwanza usiku huo, tena kama mtu wa chooni.

Nakubali basi kwamba tukio hilo ni kejeli kamili. Siwezi kukubali kwamba kitabu kizima kimeandikwa kwa kejeli hiyo. Msimulizi kipofu humfaa mwandishi iwapo kuna mtu mwingine ndani ya hadithi anayeona. Hapa mwenye kuona ni nani? Ephraim hana sauti. Chojnicki anaona, lakini macho yake yameelekea nyuma. Ndugu yake Chojnicki, aliye katika hospitali ya wendawazimu ya Steinhof, ndiye aliyepewa neno zito kuliko yote: kwamba Austria haikuwa taifa bali ilikuwa dini, na kwamba wanaoitawala sasa wanataka kuifanya taifa. Ni wazo kubwa, na kumpa kichaa kulisema ni ujanja wa zamani wa fasihi. Lakini mwandishi mwenyewe aliliamini. Yule mwandishi wa gazeti la wafanyakazi alikuwa amegeuka mtetezi wa kurudishwa kwa ukoo wa Habsburg, na mwishoni mwa Februari 1938 alisafiri hadi Vienna akitumaini kumshawishi Waziri Mkuu Schuschnigg. Hakupokewa. Aliondoka siku chache kabla ya majeshi ya Hitler kuingia.

Hapo ndipo naona kiini cha udhaifu wa riwaya. Mwaka 1938 waliokuwa wakiipinga Ujerumani ya Hitler kwa jina la Austria, pamoja na Roth, walikuwa ni pamoja na wale wale waliowapiga wafanyakazi mizinga mwaka 1934. Starhemberg, mkuu wa Heimwehr, aliwahi kuwa pamoja na Hitler katika jaribio la 1923, kisha akawa adui yake. Wenzake wa Steiermark walijiunga na Wanazi. Dollfuss mwenyewe aliuawa na Wanazi Julai 1934. Kuisimulia Heimwehr kwa ukamilifu kungemlazimu Roth akiri kwamba walinzi wa nyumba walikuwa wamekwisha kuibomoa nusu ya nyumba kabla mvamizi hajafika, na kwamba Ephraim na wenzake wangeweza kusimama mlangoni usiku ule kama wasingalikuwa makaburini na vifungoni. Mkimbizi aliyebakiwa na marafiki wachache hakutaka kuandika hivyo. Ninamwelewa kama mtu. Kama mwandishi, ametunyima nusu ya hadithi.

Kwa wale watakaoifundisha, nashauri sura za Branco na Reisiger zisomwe kwanza, na baadaye wanafunzi wapewe kazi ambayo Roth hakuifanya: waandike barua ya Ephraim kwa baba yake, ya tarehe 11 Februari 1934, akiwa Vienna, bunduki ikiwa imefichwa chini ya kitanda na fidla ikining'inia ukutani.