Ngoma ya Chuka Inataka Duara

Wengi wetu tuliijua matsuri kabla ya kuijua ngoma ya Chuka. Tuliiona kwa anime: msichana amevaa yukata, vibanda vya chakula vimejaa watu, fataki zinapasuka angani, na mvulana anashindwa kusema lile alilokuja kusema. Tunalia bila aibu. Lakini wapiga ngoma wa Chuka wakitokea kwa TV siku ya sherehe ya taifa, tunaenda jikoni kuangalia kama chai imechemka. Kwa nini?

Zamani nilidhani kosa ni letu, watoto wa mjini. Siku hizi naona kosa liko kwenye mpangilio wa uwanja.

Tuanze na ngoma yenyewe. Chuka iko kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Meru. Ngoma yao ni ndefu. Mpigaji huibana katikati ya mapaja, huinama mbele, na kuipiga kwa viganja huku akicheza. Mpigaji na mchezaji ni mtu mmoja. Kiswahili kilishalielewa jambo hili kitambo: ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima iliyotukusanya.

Mara ya kwanza kuisikia kwa karibu ilikuwa harusini, binamu yangu akioa. Nilikuwa narekodi na simu. Mdundo ulinigonga kifuani kabla haujafika masikioni. Watu wakasogea, duara likafungwa, vigelegele vikapanda. Shosho mmoja akanishika mkono: "Weka hiyo simu, mjukuu wangu, ingia." Video yangu inaishia hapo, kwenye viatu na vumbi.

Sasa linganisha. Tarehe 1 Juni 2023, Madaraka iliadhimishwa Uwanja wa Moi, Embu. Sherehe hizi tunazijua zinavyopangwa, popote zinapofanyika: jukwaa la wakubwa upande mmoja, vikundi vinaingia kwa zamu, vinalielekea jukwaa, vinamaliza dakika zao, vinatoka, hotuba zinaanza. Ratiba inaita hiyo burudani. Ngoma inayotaka kuzungukwa inageuzwa salamu kwa mgeni rasmi, na raia wa upande wa pili wanabaki kutazama migongo.

Si ati Japan hakuna majukwaa. Awa Odori ya Tokushima, kila Agosti, ina viti vya kulipia na watalii tele. Lakini pia ina vikundi vya wazi: umekuja kutazama, unaingia unacheza. Nadhani hata fataki za anime zinatuliza kwa sababu hiyo. Yule msichana yuko ndani ya umati, anasukumwa, anapotea, anatafutwa.

Kuna hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Majukwaa ya taifa yamewapa wapiga ngoma wa Chuka jina nchi nzima, na msanii anahitaji malipo. Sawa. Walipwe, tena vizuri. Lakini mtu anaweza kulijua jina la Chuka maisha yake yote na asiwahi kutetemeshwa na ngoma yake hata mara moja.

Kwa hivyo ombi langu kwa wapangaji ni dogo: hotuba zikiisha, msiwapakie wapiga ngoma kwenye basi. Waacheni katikati ya uwanja, mfungue geti, watu washuke.