Elimu ya Tegesha

Ndugu msomaji, katika nchi ya Nyamongo, wilaya ya Tarime, mkoani Mara, liko neno ambalo sisi watu wa Pwani hatunalo. Neno hilo ni tegesha. Kata ya Matongo imo katika nchi hiyo, na kando ya vijiji vyake upo mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002. Mgodi ukipanuka hutwaa ardhi, na mwenye ardhi hulipwa fidia kwa kilichomo: nyumba, miti na mazao. Basi watu wakajifunza njia. Wakisikia kwamba mthamini atafika upande fulani, huinua haraka kuta za nyumba ambayo hakuna atakayelala ndani yake, hupanda miche ambayo hakuna anayetaraji matunda yake, kisha hungoja kuhesabiwa. Hiyo ndiyo tegesha: nyumba iliyojengwa ihesabiwe, si ikaliwe.

Huenda msomaji akauliza: Matongo iko mbali, karibu na mpaka wa Kenya kule kwa Wakurya, sisi wa Pwani yatuhusu nini? Nami sikusudii kuwahukumu watu wa Matongo juu ya fidia zao. Mtu aliyeondolewa katika shamba la babu yake ana madai yake, na wapo waliowekwa kuyasikiliza. Nimelichukua neno lao kwa kuwa latufaa katika jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni elimu ya watoto. Nasema hivi: sehemu kubwa ya elimu tunayowapa watoto wetu, kule Mara na huku kwetu, ni elimu ya tegesha. Imesimamishwa ihesabiwe, na mtoto mwenyewe hakai ndani yake.

Tuanze huko huko Mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, makao makuu ya mkoa huo, ikatoa Azimio la Musoma. Iliamuliwa kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe darasani, ilhali mpango wa awali ulikuwa kungoja hadi 1989. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafuata, ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule. Lilikuwa jambo tukufu. Vijiji vilijijengea madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Lakini haraka ile ilikuwa na gharama yake. Watoto waliongezeka upesi kuliko walimu, na walimu waliongezeka upesi kuliko ujuzi wao.

Tangu hapo milango imezidi kufunguliwa. Ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudi, ilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa mpango wa MMEM. Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Mwaka 2025 ikazinduliwa sera inayotaka elimu ya lazima iwe ya miaka 10. Yote haya ni neema, na asiyeshukuru amekosa adabu. Ila mlango kuwa wazi si dalili kwamba mtu ameingia.

Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walifanya jambo ambalo wakaguzi hawakulizoea: hawakwenda kuhesabu watoto shuleni tu, walikwenda majumbani, wakampa kila mtoto karatasi asome. Waligundua kwamba kwa kila watoto 5 waliomaliza darasa la saba, mmoja hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Fikiri, ndugu msomaji. Miaka saba jina lake liliitwa asubuhi, naye akaitika. Katika daftari la mahudhurio alikuwamo. Katika hesabu ya Serikali alikuwamo. Katika elimu hakuwamo. Ile nyumba ilikuwa na kuta na mabati, lakini ndani hamkuwa na mtu.

Sasa mtazame mtoto wa Matongo. Shule ni bure, lakini ng'ambo ya pili kuna kifusi cha mgodi, na mawe yaliyotupwa hayakosi chembe za dhahabu. Kwa miaka mingi watu wameingia kuokota mawe hayo, wakaitwa wavamizi. Wapo waliojeruhiwa na wapo waliokufa. Mwezi wa Mei 2011 watu 5 waliuawa kwa risasi za polisi katika tukio moja. Na miongoni mwa wanaoingia wamekuwamo vijana ambao umri wao ni wa shule. Kijana akibahatika jiwe moja jema, huenda akarudi nyumbani na fedha ambazo mwalimu wake huzingoja mwezi mzima. Nani atamwambia kwamba mwalimu ndiye mwenye njia ya kheri, na hali baba yake amepokea zile fedha bila kuuliza zimetoka wapi? Ada imefutwa, lakini siku ya mtoto ina bei, na bei hiyo hakuna waraka uliowahi kuifuta.

Kwa mtoto wa kike bei ni nyingine. Kwa Wakurya mahari ni ng'ombe, na mila ya ukeketaji, iliyopigwa marufuku na sheria ya mwaka 1998 kwa wasichana walio chini ya miaka 18, hufanywa zaidi mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Aliyekwisha kukeketwa huhesabiwa kuwa mwanamke aliye tayari kuolewa. Januari inapofika, dawati lake huwa tupu. Tangu mwaka 2016 sheria imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, lakini sheria humkuta mtu baada ya tendo. Kwa hiyo wasichana wengine hutoroka makwao, wakakimbilia nyumba salama kama ile ya Masanga katika Tarime na ile ya Mugumu katika Serengeti. Tazama ajabu hii: mtoto amkimbia mzazi wake ili abaki kuwa mwanafunzi! Huyo ndiye anayekaa ndani ya elimu, kwani ameilipia kwa hofu na machozi.

Na wakubwa nao wafanyeje? Mgodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato yake, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 mwenye mgodi hutakiwa awe na mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii, unaokubaliwa na halmashauri. Kwa fedha za namna hii vimejengwa vyumba vya madarasa, mabweni na nyumba za walimu. Sivikebehi vyumba hivyo, kwani mtoto hawezi kusoma juani. Lawama yangu ni juu ya kipimo. Chumba kikiisha hukatwa utepe, hupigwa picha, na kuandikwa katika taarifa ya mwaka. Lakini nani aliwahi kukata utepe siku mtoto wa mchunga ng'ombe alipoanza kusoma? Mtoto huyo kwao husema Kikurya. Kiswahili, ambacho kwetu ni maziwa ya mama, yeye hukikuta mlangoni mwa darasa kama mgeni. Akiisha kukizoea, huletewa Kiingereza katika sekondari. Anahitaji mwalimu mvumilivu atakayekaa naye miaka, na mwalimu wa namna hiyo haandikiki ukutani kwa rangi. Basi fedha hufuata kinachohesabika upesi, na huko ndiko tegesha ilikozaliwa.

Nahisi msomaji wa Pwani ameanza kujipangusa mikono, akisema: hayo ni mambo ya Bara, ya ng'ombe na dhahabu. Taratibu, ndugu yangu. Sisi hatuna dhahabu ardhini, lakini tunacho kifusi chetu. Mtoto wa Nungwi na wa Malindi huwafuata watalii pwani. Mtoto wa Pemba huingia mikarafuuni msimu ukifika. Wa Jambiani humfuata mama yake katika mwani maji yakitoka, na wa Kilwa huondoka na mtumbwi wa baba yake. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, miaka 10 kabla ya Azimio la Musoma. Hatuwezi kusema kwamba tulichelewa kuitwa.

Wala tusidhani kwamba tegesha ni ya maskini peke yake. Liko baba la mjini linalolipa fedha nyingi kumtia mtoto katika shule ya Kiingereza, na likiulizwa mwalimu wa darasa ni nani, halijui jina lake. Sare ni safi, basi la shule lafika mlangoni, majirani wameona, yatosha. Iko nyumba inayofanya khitma ya mtoto: pilau imeliwa, picha zimepigwa, mashangazi wametunza. Lakini keshoye mtoto akipewa ukurasa ambao hakuukariri, hana lake. Na akipewa barua ya Kiswahili amsomee bibi yake, aona haya. Tumehitimisha nini hapo? Tumemwonyesha mthamini kuta.

Lawama hii si ngeni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akawasuta watu wa Pwani kwa kuzembea elimu, ya dini na ya dunia pamoja. Ikiwa maneno yale yangali yanatuchoma leo, hiyo ni dalili kwamba kidonda hakijapona.

Hata hivyo si haki kulaumu bila kuonyesha pa kushika. Mwaka 1986, mjini Mombasa, ulianza mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, baada ya Waislamu wa Pwani kuona kwamba watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu, ndiye aliyeuongoza. Hakuanza kwa jengo jipya. Alianza kwa madrasa zilizokuwapo, ambazo watu wenyewe walizipenda. Wanawake wa mitaa ile ile walifunzwa kufundisha; vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya hapo hapo, kama vifuu, mbegu na vitambaa; na wazazi walikuwa na kamati yao ya kuiendesha shule. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Siri yake ni nini? Ni kwamba mama alijua shule ni yake. Aliingia, aliketi, aliona mtoto wake anafanya nini. Nyumba ilikuwa na wenyewe ndani, ndiyo maana ilisimama.

Na tukitaka kipimo kilicho juu ya vyote, turudi kwa Mtume wetu (s.a.w.) baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra. Makuraishi waliotekwa walikombolewa kwa fidia, na wapokezi wa tarehe wametaja kwamba fidia ya wengine ilifika dirhamu 4,000. Waislamu wa Madina walikuwa na njaa, na fedha ile waliihitaji. Lakini kwa mateka aliyejua kuandika asiye na mali, fidia yake ilikuwa kuwafundisha watoto 10 wa Madina. Na wapokezi wanaongeza jambo ambalo sisi hulipita haraka: alifunguliwa watoto walipokwisha kujua. Hakufunguliwa kwa kuwa alikaa nao siku kadhaa, wala kwa kuwa majina 10 yaliandikwa. Fidia ilitimia pale mkono wa mtoto ulipoweza kuandika wenyewe.

Basi fidia ni neno moja, nalo limetumika mahali pawili. Katika Nyamongo mtu hutaka fidia ya nyumba isiyo na mtu. Madina ilipokea fidia iliyokuwa ndani ya mtoto, ambayo hakuna mthamini wa kuikataa wala mgodi wa kuifukia. Wewe, ndugu msomaji, wataka ipi?

Ikiwa wataka ya pili, huhitaji utajiri. Usiku wa leo mpe mwanao karatasi yoyote iliyoandikwa, hata iwe iliyofungiwa sukari, umwambie akusomee. Usimkaripie akishindwa, kosa si lake peke yake. Wiki hii nenda shuleni na chuoni, umwone mwalimu umjue kwa jina, umwulize mwanao alikosa siku ngapi mwezi uliopita, na siku hizo alikuwa wapi. Ukiambiwa alikuwa pwani au shambani, hesabu alileta shilingi ngapi, kisha ujiulize kama ungekubali kumwuza kwa bei hiyo. Mama naye asiseme kwamba hakusoma. Kusikiliza mtoto akisoma hakutaki cheti. Na nyinyi wajumbe wa kamati za shule na za madrasa, mkikutana kusoma taarifa ya mwaka, kabla ya mabati na saruji waulizeni walimu: ni watoto wangapi ambao mwaka jana hawakujua kusoma na sasa wanajua?

Jibu likiwa dogo, msilifiche. Nyumba ndogo yenye mtu ndani ni bora kuliko kuta nyingi zinazongoja mthamini. Wabillahi tawfiq.