Bastola Iligoma: Iligoma Vipi?

Waandishi wenzangu, miswada ya upelelezi tunayopeana kusoma ina ugonjwa mmoja. Jambazi anamwelekezea mpelelezi bastola kuukuu, anafyatua, kimya. Eti "bastola iligoma". Shujaa anaruka, ngumi mbili, kwisha habari yake. Na mimi nimo. Mswada wangu wa kwanza una ukurasa kama huo, na nikiusoma sasa naona haya.

Kwani iligoma vipi? Chukua Webley Mark VI, bastola ya silinda iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1915. Inabeba risasi sita. Moja isipolia, unavuta tena kifyatulio, silinda inazunguka, nyingine inakuja mbele ya nyundo. Basi jambazi anayeduwaa baada ya "ta!" moja tu, ama yeye ni mjinga ama mwandishi ni mvivu. Mimi nasema ni mwandishi.

Na utamu wenyewe tunautupa! Risasi iliyogoma ni shahidi. Itoe, itazame fataki iliyo kitakoni mwake. Alama ya nyundo ikiwa hafifu, pengine springi imechoka au ncha ya nyundo imelika. Ikiwa imezama vizuri, tena katikati, shuku risasi yenyewe; labda imekaa miaka mahali penye unyevu. Ikiwa pembeni, silinda haisimami mahali pake. Mpelelezi gani atapita hapo bila kuuliza nani aliitunza silaha hii, na risasi kazipata wapi?

Iko hitilafu nyingine naipenda zaidi. Webley hukunjuka katikati, na kinyota cha chuma husukuma maganda nje. Ukiifungua kwa papara, ganda moja laweza kuteleza likaingia chini ya kinyota. Hapo bastola haifungi mpaka ulichokonoe kwa kucha, vidole vinatetemeka, hatua za mtu zinakaribia. Sekunde hizo ndizo za kumpa shujaa, bwana, siyo bahati ya bure.

Muhammed Said Abdulla alipotoa "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960, Bwana Msa wake alitegemea macho na akili. Sisi tumechukua bastola za kwenye sinema, macho tumeyaacha.

Ule ukurasa wangu nimeuandika upya. Springi imechoka, jambazi anavuta mara tatu. Ya tatu inalia.